Saa za Kungoja Barabarani ni Saa za Kazi

(Maneno yaliyosemwa na mwanakamati wetu mmoja, dereva wa malori ya safari ndefu, mbele ya mkutano wa wanachama. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa safarini siku hiyo.)

 

Nimeombwa niseme maneno machache juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu analijua, tena analijua kwa uchungu, nalo ni kupita na gari mahali ambapo barabara inatengenezwa. Sina haja ya kuwaeleza vumbi ni nini, wala kukaa katika mstari wa malori mia mbele na mia nyuma ni kitu gani. Mmekwisha kuyaona hayo wenyewe. Ninataka tuulizane swali moja tu: saa zile tunazongoja pale, je, ni mali ya nani? Ni za tajiri, ni za mkandarasi, au ni zetu? Na zikipotea, nani anayezilipa?

Kwanza nataka ieleweke kwamba sisi madereva hatupingi kutengenezwa kwa barabara. Dereva anayepinga barabara nzuri ni kama mvuvi anayepinga bahari. Barabara mbovu hutuvunjia springi, hutuvunjia migongo, na hutuua. Wako wenzetu waliokufa katika mteremko wa Salgaa na Sachangwan, na kila mwenye kupita kule anajua. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017 watu 36 walikufa katika ajali moja karibu na Salgaa, basi na lori. Kwa hiyo barabara ikipanuliwa, ikigawanywa katikati, ikawekwa njia ya magari mazito wakati wa kupanda, sisi ndio wa kwanza kushukuru.

Pili, nataka tuelewe kazi yenyewe inavyokwenda, maana mtu akielewa hupunguza matusi. Mara nyingi nasikia dereva akisema, "Tazama, barabara imekwisha tengenezwa, ni nyeusi kabisa, mbona wametufungia?" Mimi pia nilikuwa nikisema hivyo, mpaka nikakaa na fundi mmoja wa greda akanieleza.

Barabara haimwagwi kama uji. Udongo huwekwa tabaka kwa tabaka, kiasi cha sentimita 15 au 20 kila tabaka, ukamwagiwa maji kwa kipimo, kisha rola hupita juu yake mara nyingi mpaka ushikane. Kama udongo umelowa sana haushikani, na kama umekauka sana haushikani. Ndiyo sababu mnaliona lile lori la maji likizunguka asubuhi na jioni, siyo kwa ajili ya vumbi tu. Mahali penye udongo mweusi, kama upande wa Athi River na Mlolongo, kazi ni zaidi, kwa kuwa udongo ule huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Huo hauna budi kuchimbwa na kutupwa, na udongo mwingine uletwe. Halafu huja kokoto, halafu lami ya kwanza nyembamba, ambayo ni lazima iachwe ikauke na kunywewa na mawe kabla ya lami ya juu kutandikwa. Wewe unaona weusi unasema imekwisha, kumbe bado. Ukipita juu yake na tani zako, kesho ni shimo, na utakuwa wa kwanza kuwalaumu.

Sasa mtaona pia kwa nini kazi nyingi huja wakati wa kiangazi. Mvua za masika, tangu Machi hata Mei, na zile za vuli, tangu Oktoba hata Desemba, huharibu udongo na lami haishiki juu ya maji. Basi mkandarasi hukimbiza kazi yake wakati wa jua, na ndio wakati huo huo ambao tajiri naye anakimbiza mizigo yake. Wote wawili wana haraka mahali pamoja. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika vita hivi vya haraka, nyasi ni dereva na tanboi wake.

Jambo hili si la jana. Wakongwe kati yetu wanakumbuka barabara ya Thika ilipopanuliwa kuanzia mwaka 2009 mpaka ilipofunguliwa Novemba 2012. Ni kilomita 50 hivi, na kwa miaka mitatu ilikuwa ni njia za kando juu ya njia za kando. Halafu ikaja ile barabara ya juu ya Nairobi, Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands. Ilianzishwa Oktoba 2020, magari yakaanza kupita juu yake Mei 2022. Leo mwenye gari dogo akilipa ada anapita juu kwa dakika chache. Lakini nguzo zile zilipokuwa zikisimamishwa, aliyekuwa chini yake ni nani? Ni wewe na mimi.

Naomba niwaeleze yaliyonipata mwenyewe katika siku zile. Sitamtaja tajiri yangu wa wakati ule, wala haifai, maana shabaha yangu si kumchafulia mtu jina.

Ilikuwa Novemba 2021. Nilipakia saruji Athi River kupeleka Kisumu, safari ya zaidi ya kilomita 350. Niliondoka saa moja jioni. Amri niliyopewa ni kwamba niwe mlangoni kwa mwenye mzigo saa kumi na moja alfajiri, nisipofika hapo nitakatwa. Basi nikaingia Mlolongo. Kutoka pale mpaka mahali tunapopinda kuingia Southern Bypass ni kilomita zisizofika 20. Ndugu zangu, nilitoka humo saa nne na nusu usiku. Saa tatu na nusu mguu uko juu ya klachi. Unasogea urefu wa trela moja, unasimama. Unasogea, unasimama. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa ukitetemeka kama wa mtu mwenye homa. Na kila dakika naitazama saa, kwa sababu najua saa ile haiwezi kurudi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilipiga hesabu kwamba nikiacha kula Gilgil, na nikiacha kulala kidogo Nakuru, huenda nikapunguza ule ucheleweshaji. Tanboi wangu, kijana mwenye adabu, aliniambia, "Mzee, tupumzike hata nusu saa." Nikamjibu, "Nusu saa hiyo utanilipia wewe?" Tukaendelea. Tulipita Nakuru, tukapanda mpaka Mau Summit, tukashika njia ya Kericho. Ilipofika saa tisa na nusu za usiku, mbele kidogo ya njia panda ya Londiani, nililala nikiwa nimeshika usukani.

Sikumbuki nilipolala. Nakumbuka sauti ya yule kijana akiniita "Mzee! Mzee!" na mkono wake umeshika usukani pamoja na wangu. Magurudumu ya kushoto yaliingia mtaroni, springi ikavunjika, lakini lori halikupinduka. Hakuna aliyeumia. Dakika moja baadaye basi la abiria lilitupita likitoka upande wa Kericho, taa zake zinawaka, watu ndani wamelala. Mimi nilikaa kando ya barabara nikashindwa kusimama. Kama ingekuwa dakika ile moja mapema, ningekuwa mimi ndiye ninayetajwa katika redio asubuhi, na wangesema kwamba dereva alikuwa mzembe.

Tajiri naye alisema hivyo hivyo. Alinikata mshahara kwa ajili ya springi, na akanikata siku moja kwa kuchelewa. Alinipa karatasi nitie sahihi, nami nikatia. Nilikuwa na aibu, na mwenye aibu hatii sahihi kwa kusoma, hutia kwa kuinamisha kichwa.

Ndugu wanachama, sasa tuipige hesabu ile upya, si kwa uchungu bali kwa kalamu. Sheria ya Trafiki ya Kenya inasema kwamba dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya jumla ya saa nane katika kila saa 24. Tangu Athi River saa moja jioni mpaka Londiani saa tisa na nusu usiku ni muda wa saa nane na nusu. Maana yake, nilipolala, saa zangu za halali zilikuwa zimekwisha nusu saa nzima. Sheria ilikwisha kujua kwamba mwili wa binadamu utachoka wakati huo. Aliyekuwa hajui ni mimi na tajiri yangu.

Tena tazameni. Lori lililopakiwa sawasawa, likienda wastani wa kilomita 50 kwa saa, linahitaji saa saba kumaliza kilomita 350. Katika saa nane za sheria inabaki saa moja tu. Ukiingiza humo saa tatu na nusu za kungoja kwenye kazi ya barabara, safari haitimii kwa dereva mmoja kwa siku moja. Haiwezekani kwa hesabu yo yote. Kwa hiyo mwenye kuandika amri ile ya saa kumi na moja alfajiri ameandika mojawapo ya mambo mawili: ama dereva avunje sheria, ama dereva akatwe mshahara. Hakuna njia ya tatu.

Na kuhusu kukatwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kumkata mfanya kazi kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea, lakini ni kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Maneno hayo "la makusudi" yashikeni vizuri. Kungoja mbele ya bendera nyekundu si kosa la makusudi. Springi iliyovunjika katika shimo la njia ya kando, ukiwa unakwenda polepole kama kibao kilivyosema, si kosa la makusudi. Kifungu hicho hicho kinasema pia kwamba makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Na kifungu kinachofuata kinataka mfanya kazi apewe maandishi yanayoonyesha mshahara wake na kila kilichokatwa na sababu yake. Asiyekupa maandishi hayo hajatimiza sheria.

Mimi nilipokuja katika ofisi ya chama, Katibu aliniuliza swali moja ambalo sitalisahau: "Ndugu, umeandika wapi kwamba ulingoja saa tatu na nusu?" Sikuwa nimeandika popote. Nilikuwa na maneno ya mdomo tu, na tajiri naye alikuwa na maneno ya mdomo, ila yeye alikuwa na karatasi yenye sahihi yangu. Chama kilinisimamia, tukazungumza mara tatu, nikarudishiwa nusu ya fedha. Nusu ya pili ilikwenda na maji. Haikuchukuliwa na tajiri peke yake, ndugu zangu. Niliipoteza mimi kwa kutoandika.

Sasa niseme jambo jingine ambalo huenda halitawapendeza, lakini chama kisichoambiana kweli si chama.

Mahali pamoja penye kazi ya barabara, nilisimamishwa na mama mmoja aliyeshika bendera. Jua lilikuwa kali. Nilingoja dakika 40. Nilipofika mbele yake nikashusha kioo na kumtolea maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mkutano huu. Yule mama hakunitukana. Alisema, "Baba, si mimi niliyefunga barabara. Nikikuachia wewe, utagongana na yule anayekuja, na mimi ndiye nitakayeulizwa." Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi, hata kope. Nikaona haya, nikazima gari, nikampa chupa ya maji, tukazungumza kidogo mpaka mstari wa upande wa pili ukaisha.

Aliniambia kwamba yeye ni kibarua wa siku kwa siku. Anasimama tangu asubuhi mpaka jioni. Mvua ikinyesha kazi inasimama, na kazi ikisimama hana mshahara. Basi tazameni mambo: sisi twaomba mvua inyeshe ili watu wale waondoke barabarani, na yeye anaomba jua liwake ili watoto wake wale. Jua lile lile. Mimi nilikuwa namhesabu kuwa ni adui yangu, kumbe ni mfanya kazi kama mimi, tena mwenye hali ya chini kuliko yangu, asiye na hata bati la kumkinga. Siku lori moja likikataa kupunguza mwendo, wa kwanza kugongwa ni yeye.

Kwa hiyo nawaambia wazi. Dereva anayeacha mstari akapita kando ili awe wa mbele, haibi nafasi ya tajiri, anaiba nafasi ya dereva mwenzake. Na dereva anayepita kwa kasi mbele ya vibarua wa barabara anawatendea yale yale tunayolalamika kutendewa.

Naikumbuka pia barabara ya mteremko wa Mai Mahiu. Kile kikanisa kidogo mnachokiona chini ya mteremko kilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitalia, ambao ndio waliotumiwa kuijenga barabara ile. Sisi tumepita juu ya jasho lao miaka yote hii bila kufikiri. Barabara zote ni hivyo. Chini ya lami kuna watu.

Na kazi zaidi zinakuja. Novemba 2025 ilizinduliwa kazi ya kupanua barabara ya kutoka Rironi, kupitia Naivasha na Nakuru, mpaka Mau Summit, kilomita 175 hivi, pamoja na ile ya Rironi, Mai Mahiu na Naivasha. Itakuwa ya kulipiwa ada. Na jambo la kutia akilini ni kwamba Hazina ya NSSF imeingia katika kazi hiyo pamoja na kampuni ya Kichina. NSSF ni akiba yetu ya uzeeni, inayokatwa katika mishahara yetu kila mwezi. Basi sisi si wapita njia tu katika barabara ile. Fedha zetu zimo. Mtu ambaye fedha zake zimo ana haki ya kusema namna anavyotaka apitishwe.

Kwa hiyo kamati yenu imenituma nilete mapendekezo haya, nanyi mtayapigia kura leo.

Kwa matajiri, tunaomba mambo matatu. Mosi, muda wa kungoja kwenye kazi ya barabara uhesabiwe kuwa ni saa za kazi, kama saa za usukani zilivyo. Pili, asikatwe dereva kwa kuchelewa mahali ambapo barabara imefungwa. Tatu, safari isiyoweza kumalizika katika saa nane ipewe madereva wawili, au ipewe siku mbili na fedha za kulala.

Kwa wakandarasi na wenye mamlaka ya barabara, tunaomba vibao viwekwe mbali kabla ya kazi, siyo mita chache tu. Usiku kuwe na taa na alama zinazong'aa, maana pipa jeusi halionekani usiku. Njia za kando zimwagiwe maji na kusawazishwa kila siku. Na mahali ambapo mstari ni mrefu, pawekwe nafasi ya malori kuegesha, na choo, na maji. Binadamu akikaa saa tatu mahali, ana haja za binadamu.

Na kwa sisi wenyewe, jambo moja tu, nalo ni daftari. Kila dereva anunue daftari dogo na kalamu, akae nalo ndani ya gari. Ukiingia mahali penye kazi andika jina la mahali, tarehe, na saa uliyoingia. Ukitoka, andika saa uliyotoka. Kama una simu yenye kamera, piga picha ya kibao. Tanboi na aandike wakati dereva anaendesha, na wote wawili watie sahihi mwisho wa safari. Mwisho wa mwezi mlete daftari ofisini kwa Katibu. Daftari la mtu mmoja ni malalamiko tu, tajiri atalicheka. Lakini madaftari ya wanachama wote, yenye mahali pamoja na saa zile zile, hayo ni ushahidi, na mbele ya ushahidi hata mkubwa hukaa kitini akasikiliza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa namaliza. Yule kijana tanboi aliyeshika usukani usiku ule sasa ni dereva kamili, na yumo humu ukumbini leo, ameketi kule nyuma. Hakupewa hata senti kwa kuokoa lori la watu, saruji ya watu, na basi zima la abiria. Mimi nilimjibu vibaya mara moja usiku ule juu ya nusu saa, na leo namjibu vizuri mbele yenu wote: Mwanangu, ulikuwa na haki. Ile nusu saa ilikuwa yetu.

 Endesheni polepole, andikeni saa zenu, na mrudi nyumbani salama.

Umoja ni nguvu.